Subira ya Watu wa Maabara

Kinyama kinachotolewa tumboni kwa mpira wa endoskopi huwa kidogo kuliko punje ya mchele. Maabara hukiweka ndani ya nta, hukikata utando wa mikroni chache tu, huutandaza juu ya kioo na kuutia rangi. Kazi hii hufanyika hospitalini kila siku, na wagonjwa wengi hawajui kama ipo. Mimi naistahi sana, maana humo ndimo vidonda vya tumbo vilimoanza kueleweka. Kabla ya hapo lawama zilikuwa za mawazo na vyakula vikali, na wengi wetu bado tunazirudia.

Mwezi Juni 1979, katika Royal Perth Hospital nchini Australia, daktari wa patholojia Robin Warren aliona mstari mwembamba wa buluu juu ya kinyama cha tumbo. Wakati ule iliaminika kwamba bakteria hawawezi kuishi kwenye asidi ya tumbo, na wenzake walipotazama hawakushawishika. Warren akatumia rangi ya madini ya fedha, ambayo huganda juu ya bakteria na kuwafanya weusi na wanene kidogo. Sasa walionekana wazi: vijidudu vilivyopinda, vimejazana chini ya ute, na karibu yao chembe nyeupe za damu zimeingia kwa wingi. Alipojua cha kutafuta, akawa anakikuta kwa mgonjwa baada ya mgonjwa.

Mwaka 1981 alijiunga naye daktari kijana, Barry Marshall. Kuwaotesha bakteria hao kulishindikana mara nyingi, kwa kuwa visahani vilikuwa vikitupwa baada ya siku mbili. Kisha ikaja Pasaka ya 1982, kisahani kikabaki kwenye joto siku zote za sikukuu, na bakteria wakaota. Watu husimulia kisa hiki kama bahati. Naona wanapunja. Ilibidi kwanza pawe na damu ndani ya agari, hewa yenye oksijeni kidogo, na mtu asiyekata tamaa kwa visahani vilivyotangulia. Baadaye, mwaka 2005, wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyo anayeleta vidonda, Helicobacter pylori, hugeuza urea kuwa amonia, akapooza asidi iliyo karibu naye, kisha akajipenyeza kwenye ute. Aina zake kali huichoma seli ya tumbo kwa kitu mfano wa sindano na kuingiza protini iitwayo CagA, inayovuruga mawasiliano ya ndani ya seli. Uvimbe ukikaa miaka mingi, wachache hupata saratani. Bakteria huyu pia humegua vijifuko kutoka kwenye utando wake, vikiwa vimebeba sumu. Na seli zetu nazo hutoa vijifuko vyao, eksosomu.

Kuvipata eksosomu ni ufundi ninaoweza kuutazama kutwa. Majimaji yenye seli na vijifuko huzungushwa kwenye mashine, taratibu kwanza, seli zikazama zikatupwa. Kisha kwa kasi zaidi, na vipande vya seli vikaondoka. Mwishowe kwa nguvu mara 100,000 ya mvutano wa dunia, zaidi ya saa nzima, kwenye baridi. Hadi hapo mtaalamu alikuwa akitunza maji na kutupa kilichozama. Sasa anamwaga maji. Chini mara nyingi jicho halioni kitu. Kwa hiyo kabla ya kuanza alikwisha kutia alama ya kalamu ubavuni mwa mrija, upande vitakakotua, na hapo ndipo anaposuuza kwa matone machache.

Mwaka 2016 watafiti wa Japani walieleza kwamba wameikuta CagA ndani ya eksosomu kutoka kwenye damu ya watu wenye maambukizi, njia ambayo huenda inaifikisha mbali na tumbo. Dai kama hilo huanguka mara moja ikiwa protini ilikuwa imenata nje tu. Ndiyo maana wenye ufundi huu huviosha vijifuko, wakavizungusha tena, na kuvikagua kwa hadubini ya elektroni kabla ya kuandika neno lolote.