Burma au Myanmar: Jina la Nchi katika Kauli ya Mhamiaji

Mwaka 1989 serikali ya kijeshi ilibadili jina la nchi katika Kiingereza, kutoka Burma kuwa Myanmar, kwa hoja kwamba jina jipya linajumuisha makabila yote. Kiisimu, hoja hiyo haina mashiko. Katika Kiburma, Myanma na Bama ni maumbo mawili ya jina lilelile: la kwanza ni la maandishi na shughuli rasmi, la pili ni la mazungumzo. Tofauti iliyobaki ni ya kisiasa. Wakimbizi wengi, wakiwamo Wakaren waliohamia Marekani, hushikilia Burma kwa sababu Myanmar lilitangazwa na watawala waliowakimbia. Kiswahili nacho kinalifahamu jina Burma tangu askari wa Afrika Mashariki walipopigana huko katika Vita Vikuu vya Pili. Kwa hiyo mfasiri anayeandika Myanmar pale msimulizi aliposema Burma hasahihishi kosa, bali anafuta msimamo. Usanifishaji una nafasi yake katika atlasi na nyaraka za kiserikali. Ndani ya alama za nukuu, jina ni la msemaji.