"Kutwa Mara Tatu": Uhakiki wa Lugha ya Maelekezo ya Dawa

Uhakiki wa Kiswahili katika vyuo vikuu umejishughulisha kwa muda mrefu na maandishi yenye hadhi: tenzi, tamthilia, riwaya na hadithi fupi. Si vibaya. Hata hivyo, yapo maandishi ya Kiswahili yasomwayo kwa makini kuliko utenzi wowote, tena na watu ambao hawajapata kuingia katika ukumbi wa mihadhara, na ambayo hayajapata wahakiki wa kutosha. Hayo ni maneno machache yaandikwayo juu ya bahasha ya dawa. Msomaji wake ni mgonjwa, au mama aliyekesha na mtoto mwenye homa. Na akiyasoma vibaya, kinachopotea si alama ya mtihani. Makala haya yanakusudia kuyachambua maneno hayo kama yachambuliwavyo maandishi mengine yoyote, na kuonyesha kuwa utata wake hautokani na ujinga wa msomaji wala umaskini wa lugha. Hutokana na mwandishi anayetumia maneno bila kujiuliza yana maana gani tayari kwa yule atakayeyasoma.

Kanuni iliyoenea sana katika zahanati na maduka ya dawa ya Kenya haina neno hata moja. Huandikwa 2x3, na makusudio yake ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Kwa mtu aliyepita shule ya msingi, alama hiyo ni ya kuzidisha. Husomwa "mbili mara tatu" na jibu lake ni sita. Hapa Kiswahili kimenaswa na neno lake lenyewe, kwani "mara" hutumika katika hesabu na hutumika pia kutaja marudio ya tendo. Katika hesabu, mbili mara tatu na tatu mara mbili ni mamoja. Katika tiba si mamoja hata kidogo. Anayezigeuza tarakimu atameza vidonge sita vile vile kwa siku, na hesabu yake itakuwa sahihi, ila dozi imekuwa nyingine. Kanuni hiyo imevuliwa kila chombo ambacho sarufi ya Kiswahili humpa msemaji. Lau ingeandikwa "vidonge viwili", kiambishi kimoja tu, vi-, kingeifunga idadi hiyo kwa vidonge isiweze kuhamia kwenye "mara", maana mara huwa mbili, hazipati kuwa viwili. Upatanisho wa kisarufi, ambao wanafunzi huuona kama adhabu, ungefanya kazi ya mfamasia bila malipo.

Pale ambapo maneno hutumika, usemi uliozoeleka ni "kutwa mara tatu". Usemi huu una sura ya Kiswahili safi, na labda ndiyo sababu haujatiliwa shaka. Lakini "kutwa" latokana na kitenzi -twa, au -chwa, yaani kuzama kwa jua. Nalo hutaja muda wa tangu mapambazuko hadi magharibi. Mwenziwe ni "kucha". Asemaye kuwa alifanya kazi usiku kucha na mchana kutwa ameyataja mawili kwa sababu moja halitoshi. Shule ya kutwa ni ile ambayo wanafunzi wake hawalali hapo. Basi mgonjwa aliyepewa dawa ya kuua vijidudu, ambayo yapasa kumezwa kila zipitapo saa nane, akaigawa alfajiri, adhuhuri na magharibi, kisha akalala, amelitii neno barabara. Kati ya dozi zake za mchana zimepita saa sita sita, na kati ya ile ya magharibi na ya alfajiri zimepita saa kumi na mbili. Dawa imepungua mwilini usiku kucha, na aliyeandika atasema mgonjwa hakufuata maagizo.

Yawezekana kujibiwa kuwa maana ya "kutwa" imepanuka, na kwamba leo ni sawa na "kwa siku". Ni kweli kwa wengi. Lakini maana mpya haikuifukuza ile ya zamani. Zote mbili zimo vinywani, wakati mwingine vya mtu mmoja. Na "siku" nayo haina salama kamili. Kwa Mswahili wa pwani aliyezoea kuanza siku kwa kuzama kwa jua, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao mwenyeji wa bara huuita Alhamisi usiku. Mgonjwa aambiwaye asile kitu usiku wa Ijumaa kabla ya kupasuliwa aweza kufunga usiku usio wake.

Utata mkubwa zaidi umo katika neno "saa", na hapa lawama inawagusa walimu wa lugha wenyewe. Mwaka 2004 Kenya ilichagua mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, na mwaka 2006 dawa hiyo ikaanza kusambazwa katika vituo vya afya. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara. Ratiba yake si nyepesi: dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha zilizobaki hufuatana kila baada ya saa kumi na mbili. Achukuliwe mgonjwa aliyemeza dozi ya kwanza saa nne asubuhi, akaambiwa, "Nyingine ni saa nane." Akisikia kipimo cha muda, atameza saa kumi na mbili jioni, kama ipasavyo. Akisikia saa ya ukutani, atameza saa nane mchana, yaani saa nne tu baada ya ya kwanza. Sentensi ni moja, sanifu, haina kosa la sarufi. "Kila saa nane" nayo hubeba maana hizo hizo mbili.

Wasemaji wa kawaida wameuona mtego huu na wamekwisha kuutegua. Husema "masaa nane" wanapotaja muda, na "saa nane" wanapotaja wakati. Hakuna asemaye "tukutane masaa nane mchana". Mpaka huo haukuwekwa na kamati yoyote, nao huzingatiwa na watu wengi kuliko sheria nyingi za vitabuni. Lakini mwanafunzi anayeandika "masaa" hupigiwa mstari mwekundu, kwa hoja kwamba neno hilo ni la ngeli ambayo wingi wake haubadiliki. Hoja hiyo ni sahihi kwa kadiri ya kitabu, na haina huruma kwa kadiri ya matumizi: kalamu nyekundu imefuta tofauti ambayo lugha iliihitaji, ikaacha maneno mawili yafanane kabisa. Mwenye kushika usanifu ana njia nyingine, nayo ni kuandika "zikipita saa nane". Akiichagua hiyo, vyema. Asichoweza kufanya ni kulikataza neno la watu bila kuweka jingine mahali pake.

J. L. Austin, ambaye mihadhara yake kuhusu maneno yatendayo ilichapishwa mwaka 1962, alifundisha kuwa kauli ya namna hiyo haitimii mpaka msikilizaji aipokee kama ilivyokusudiwa. Mifano yake mashuhuri ni ya meli kupewa jina na watu kuoana. Kidonge kingemfaa zaidi, kwa kuwa ndoa iliyofungwa kwa maneno mabaya yaweza kufungwa tena.

Kosa la pili ni la muundo. "Itumiwe kama ilivyoelekezwa na daktari" ni sentensi yenye vitenzi viwili vya kutendwa na haina elekezo lolote ndani yake. Humrudisha msomaji kwenye mazungumzo aliyokwisha kuyasahau, ambayo ndiyo sababu ya kuisoma bahasha. "Itikiswe kabla ya kumiminwa" ni afadhali, ila imetanguliza umbo la kutendwa lisilo na mtenda, na ikaweka mambo mawili katika tendo moja la kufikiri. "Tikisa chupa, kisha mimina" hufuata mpangilio wa mikono.

Mtu asidhani kuwa ufundi huu ni wa kigeni. Upo jikoni. Bibi wa pwani amfundishaye mjukuu kupika wali wa nazi hamwambii dakika. Humwambia atie tui jepesi. Likitokota, ndipo atie mchele. Akiona maji yanakaribia kukauka, amimine tui zito, afunike, apalie makaa. Kila hatua imefungwa kwa dalili ionekanayo kwa macho, na viambishi -ki- na neno "ndipo" ndivyo vinavyoshika lango: hupiti kabla ya dalili kutokea. Halafu bibi huuliza, "Nimekwambiaje?" na mjukuu hurudia. Katika mafunzo hayo hakuna kitenzi cha kutendwa hata kimoja, isipokuwa pale wali unapoungua na mtu anapotafutwa.

Uangalifu kama huo ungefaa katika maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha, ambayo huchanganywa kwa lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kiunganishi -a kimebebeshwa mizigo miwili: "cha chai" hutaja ukubwa wa kijiko, "cha chumvi" hutaja kilichomo. Anayesikia "nusu kijiko cha chumvi" tu atachukua kijiko kilicho karibu, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Kadhalika "baada ya chakula" ni maneno rahisi mno mpaka mtu akumbuke kuwa kwa nyumba nyingi chai ya asubuhi hainawi mikono, hivyo haihesabiwi kuwa chakula.

Maelekezo ya ile dawa ya malaria yangeweza kuandikwa hivi: "Meza vidonge vinne sasa, baada ya kula. Hesabu masaa manane, kisha meza vinne tena, hata ikiwa ni usiku. Kesho meza vinne asubuhi na vinne usiku. Keshokutwa fanya vivyo hivyo. Ukipata nafuu usiache; endelea mpaka vyote 24 viishe." Sentensi ya mwisho imekataa kwa makusudi usemi "mpaka upone", maana mgonjwa ndiye hakimu wa kupona kwake, na hukata shauri mapema.

Andiko hili nalo lina dosari zake. Maneno yamekaribia arobaini, na bahasha ni ndogo. "Masaa manane" humkumbusha mtu usiku wa manane. Zaidi ya hayo, limemdhania mgonjwa aliyeanza dawa asubuhi. Aliyeanza saa tatu usiku atamaliza kuhesabu masaa yake saa kumi na moja alfajiri, na atakapofikia maneno "kesho meza vinne asubuhi" atajikuta ameitwa kumeza tena vidonge alivyotoka kuvimeza. Kwake yeye yahitajika maandishi mengine, na mhudumu hawezi kujua ni yapi mpaka amwulize, kabla ya kushika kalamu, ataanza saa ngapi.