Utao Ulioanguka

Mwanafunzi wa kidato cha tatu alinijia na simu ya mamake mkononi. "Mwalimu," akasema, "hili ni shairi huru, sivyo? Mishororo haitoshani." Nikalitazama. Lilikuwa tarbia ya kawaida, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa. Lakini kioo kile kilionyesha mistari minane katika ubeti, mirefu na mifupi ikipokezana, na mingine ya mifupi ilikuwa neno moja tu. Binti hakukosea kusoma. Alisoma umbo lililokuwa mbele ya macho yake.

Swali lililonibakia ni hili: ukurasa wa wavuti una ukubwa gani? Nikatunga mshororo wa kufanyia jaribio:

Londiani ya baridi, kikombe hakina moto.

Mizani nane, mkato, mizani nane. Ukwapi unafunga kwa kina cha di, utao kwa to. Ukihesabu herufi, nafasi na mkato, ukiiacha nukta ya mwisho, ni alama 39. Niliuweka kwenye ukurasa kwa herufi za pikseli 16, kipimo ambacho vivinjari hutumia mwenye ukurasa asipotaja kingine. Kisha nikaenda kwenye saiba moja hapa Londiani, upande wa stesheni ya reli iendayo Kisumu, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa haujaiachia miti ya chuo cha misitu.

Mle ndani mlikuwa na laptopu mbili, zote za inchi 15.6. Ukizipima kwa rula ni pacha. Ila ya zamani ina pikseli 1366 kwa 768, na mpya ina 1920 kwa 1080. Inchi moja ya kioo cha kwanza hubeba pikseli 100 hivi. Ya pili hubeba 141. Kwa hiyo pikseli 16 kwenye laptopu ya zamani ni milimita 4, na kwenye mpya, pasipo wa kuingilia kati, ni milimita 2.9 tu. Shairi lile lile, kioo cha kimo kile kile, na bado msomaji mmoja angelisoma ameegemea kiti na mwenzake ameinama.

Anayeingilia kati ni mpangilio wa ukuzaji wa onyesho. Katika Windows huandikwa kwa asilimia: 100, 125, 150, na kuendelea. Laptopu mpya ilikuwa imewekwa 125, hivyo pikseli moja ya ukurasa ilichorwa kwa pikseli 1.25 za kioo, na zile milimita 2.9 zikapanda hadi 3.6. Ukuzaji huo una gharama. Kioo cha pikseli 1920 sasa huuambia ukurasa kwamba upana wake ni 1536. Kikiwekwa 150, husema 1280. Kioo hakijapungua hata unywele. Kipimo ndicho kilichonenepa, na ukurasa, ambao haujui lolote kuhusu kioo ila kile unachoambiwa, hujipanga upya kwa upana huo mdogo.

Mhakiki anapaswa kulitulia jambo hili. Pikseli ya ukurasa wa wavuti si nukta ya kioo. Maana yake rasmi ni pembe ya jicho: ni ukubwa wa nukta moja ya kioo chenye nukta 96 kwa inchi, kikitazamwa kutoka umbali wa mkono, inchi 28. Waliopima kitambaa kwa dhiraa na shubiri wangeielewa mara moja. Kipimo kinaanzia kwenye mwili wa mtu, na mwili huo, hapa, ni wa msomaji. Mtunzi anayesema ukurasa wake "una upana wa pikseli 1200" amepima kwa mkono wa mtu asiyemjua.

Sasa simu, maana huko ndiko wanafunzi wangu wanakosomea. Simu nyingi za kawaida, ziwe na pikseli 720 au 1080 kwa upana, huuambia ukurasa kwamba upana wao ni 360. Toa pambizo za 16 kila upande, zinabaki 328. Herufi ya pikseli 16 hula upana wa pikseli 8 kwa wastani, kwa hiyo mstari unabeba alama 41. Mshororo wangu wenye 39 uliingia kwa tabu, lakini ukaingia. Nikafungua mipangilio, nikatafuta ukubwa wa onyesho, chaguo ambalo Android imekuwa nalo tangu toleo la 7 la mwaka 2016, nikasogeza hatua moja mbele. Upana ukashuka kutoka 360 hadi 320 hivi. Alama 36 kwa mstari. Mshororo ukawa hivi:

Londiani ya baridi, kikombe hakina
moto.

Hatua moja tu, ya kumsaidia mama asiyeona vizuri. Mvunjiko haukuangukia kwenye mkato, mahali ambapo pumzi ya msomaji ilishapangiwa kutua. Uliangukia mizani mbili kabla ya mwisho. Kina cha kati sasa kimezama ndani ya mstari na jicho halikioni tena. Kina cha mwisho kimesimama peke yake pambizoni. Na maana imeguswa. Mshororo unasema moto haupo, lakini umbo limeupa moto mstari wake mzima, kama kwamba ndio uliobaki. Msomaji wa mashairi huru angelitafsiri neno hilo kuwa limetengwa kwa makusudi. Binti yule alifanya hivyo hivyo, na kwa alichokiona, alikuwa na haki.

Kuna wachapishaji wanaoliona tatizo hili na kulitibu vibaya. Hupanga ukwapi na utao katika safu mbili ndani ya jedwali la pikseli 1200 lisilobadilika. Kwenye laptopu ya zamani, kwa asilimia 100, linapendeza kweli. Kisha mzee mmoja aliingia saibani, akatusalimu "Chamgei," akaketi na kumwambia kijana wa pale, "Niongezee maandishi, mwanangu." Kijana akaiweka 125. Pikseli 1366 zikawa 1093, na pikseli 107 za jedwali zikatoka nje ya kioo. Mwisho wa kila utao ulikatwa, na mzee akawa anasukuma ukurasa kulia na kushoto kwa kila mshororo. Kwangu hili ni kosa kubwa kuliko la kwanza. La kwanza liliharibu sura. Hili lilimnyima mtu vina. Wabaya zaidi ni wale wanaofunga ukurasa usikuzike kabisa kwa vidole. Sina neno la kuwatetea.

Dawa ipo ndani ya ushairi wetu wenyewe. Katika miswada ya kale ya hati ya Kiarabu, alama ndogo ya wino ilitenga kipande na kipande, na jicho likaujua mkato popote karatasi ilipoishia. Mwandishi wa mkono hakuuamini upana wa karatasi; aliamini kipande. Ukurasa wa wavuti unaweza kufanya vivyo hivyo: kila kipande kifungwe kama kifurushi kimoja kisichovunjika ndani, kisha viachwe viwili hivyo vikae bega kwa bega nafasi ikiwepo, na isipokuwepo utao ushuke mzima, umeingizwa ndani kidogo.

Nilijaribu. Ukwapi wangu una alama 19, na utao una 19. Hiyo ni pikseli 152 kila kimoja, chini ya nusu ya zile 328 za simu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2008 kuhusu kurasa zinazofikiwa na wote unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kitu kupotea. Kila kipande changu cha mizani nane kinauvuka mtihani huo kwenye simu ya kawaida, bila kukatika.

Kwa hiyo wewe unayechapisha mashairi mtandaoni, usimalize kazi kwenye kioo chako. Chukua simu ya mtu mzima wa nyumbani kwako, iache na mipangilio yake aliyoizoea, ufungue ubeti wako. Ukikuta neno la kina limekaa peke yake kwenye mstari, usiuguse mpangilio wa simu. Rekebisha ukurasa.