Usawa na Kufanana: *Adili na Nduguze* mbele ya Watoto wa Likasi

Husemwa mara nyingi kwamba *Adili na Nduguze* (1952) ya Shaaban Robert hufundisha kuwa wema hulipwa na uovu huadhibiwa. Maelezo hayo hayatoshi, hasa hadithi inaposimuliwa kwa watoto wa miaka sita au saba, ambao huipima haki kwa macho: mafungu ya karanga yalingane, basi.

Kwa kipimo hicho haki hukamilika mapema. Adili, Hasidi na Mwivu wanagawana urithi sawasawa. Kisha Hasidi na Mwivu wanapoteza mali yao, na Adili anawagawia ile iliyomsalia. Mtoto atauliza, na ni haki yake kuuliza, mbona waliopoteza wanapewa tena. Hapo ndipo penye kiini cha maudhui. Mgawo wa kwanza ulitazama idadi ya ndugu. Wa pili ulitazama hali zao. Msimulizi anayeliruka swali hilo ili awahi kufika kwenye manyani na mijeledi huiacha hadithi njiani.

Likasi swali hilo lina uzito wa pekee kwa sababu ya lugha. Katika Kiswahili cha Katanga neno *sawa* hutumika sana kwa maana ya “kama”. Mtoto anayeambiwa kwamba watu wote ni sawa aweza kusikia kwamba watu wote wanafanana. Na asiyefanana, kwa jina au kwa lugha ya nyumbani kwao, hubaki nje ya usawa huo. Hofu hii si ya kubuni. Mwaka 1992 wakazi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, na maelfu wakapiga kambi penye kituo cha reli wakingoja treni. Wengi wao walizaliwa Katanga, katika jamaa zilizoletwa na kazi za migodi na reli. Waliitwa *bilulu*, yaani wadudu: neno ambalo mtoto wa huko hulijua mapema, kwa kucheza tu uani.

Hasidi na Mwivu nao wanavuliwa umbo la binadamu. Lakini wao walitenda kosa, walimtosa ndugu yao baharini. Waliofukuzwa Likasi hawakusomewa shtaka lolote. Tena mwandishi hakubali ndugu hao wabaki manyani. Mfalme Rai anataka kujua kwa nini wanyama wanapigwa kila usiku, anamsikiliza Adili mpaka mwisho, ndipo anapowatafutia msamaha. Sehemu hiyo ya kuuliza na kusikiliza yastahili kusomwa polepole darasani. Ile ya mijeledi, ambayo watoto huipenda mno, yaweza kufupishwa bila hasara.

Kwa msimulizi wa Likasi ingefaa neno *haki* litangulie neno *usawa*, na mgawo wa pili wa Adili uelezwe kwanza kwa Kiswahili cha nyumbani, kabla ya kufunguliwa kitabu.