Kijana Aliyekwenda Nyikani Pasipo Mwalimu

Kitabu tupendacho kukipima mwezi huu kimeandikwa kwa Kiingereza na Mmarekani, Jon Krakauer, nacho kilitolewa mwaka 1996. Jina lake ni Into the Wild. Kijana wetu akirudi nacho kutoka shuleni Arusha, yamkini atamsifu sana mtu anayesimuliwa humo. Kwa hiyo yafaa wazazi nao wajue kilichomo.

Habari yake ni ya kweli. Christopher McCandless alimaliza chuo kikuu mwaka 1990, akatoa sadaka fedha zake, karibu dola 24,000, akaondoka asiwaage wazazi wake. Alitangatanga karibu miaka miwili, hata Aprili 1992 akaingia peke yake katika nyika ya Alaska, nchi ya theluji, mwenye bunduki ndogo na mfuko wa mchele. Akakaa ndani ya gari kuukuu la abiria lililoachwa porini. Agosti akafa humo kwa njaa, umri wake miaka 24.

Mwandishi amefanya kazi kwa bidii. Alikwenda mwenyewe hata penye gari lile, akawauliza waliomfahamu kijana, wala hakuficha magomvi ya nyumbani yaliyomtia uchungu. Twamsifu kwa hayo. Walakini amempenda kijana huyu mno, kwa kuwa aliuona ujana wake mwenyewe ndani yake. Ndiyo sababu anajitahidi sana kuonyesha ya kuwa mbegu za mmea fulani zilimdhuru, na neno lililo wazi katika habari zake mwenyewe hakulikazia inavyopasa.

Neno lenyewe ni hili: kijana hakutaka kufundishwa. Juni aliua mnyama mkubwa, mfano wa pofu wetu, lakini nyama ikaoza, maana hakujua sawasawa kuihifadhi. Julai alitaka kurudi kwa watu, akaukuta mto umejaa, ule aliouvuka Aprili maji yakiwa machache. Hakuwa na ramani nzuri, asijue ya kuwa mwendo mfupi tu chini ya mto palikuwa na waya wenye kikapu cha kuvukia. Kuuliza si ujinga. Yeye alikufa kwa kutouliza.

Sisi wa Meru twaweza kulipima jambo hili kwa mambo ya kwetu. Morani wa Kimasai na wa Kiarusha waendapo porini kula nyama, kwa desturi ya olpul, huenda pamoja, na ajuaye mizizi ya dawa humfundisha asiyejua. Tena mgeni apandaye mlima wetu, wenye zaidi ya mita 4,500, hufuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati. Hapana aonaye haya kuongozwa.

Je, twasema kwenda nyikani ni kosa? Sivyo. Yohana alikaa nyikani, na Eliya pia. Lakini Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu alilishwa, kisha akarudishwa kwa watu, amepewa kazi.

Sifa zikizidi zaweza kuua. Wasomaji wengi walizifuata nyayo za kijana huyu. Wawili walikufa maji katika mto ule, mwaka 2010 na 2019, hata serikali ikaliondoa gari lile kwa helikopta mwaka 2020.

Basi, kijana na akisome kitabu hiki, lakini asiache kurasa za mwisho. Mwaka 1993 wazazi walipelekwa mpaka penye gari lile. Mama aliacha humo sanduku la dawa na vyakula, na Biblia ya mwanawe ya utotoni, na barua ya kumwomba yeyote atakayefika pale awapelekee wazazi wake habari upesi. Kurasa hizo chache twaziona kuwa bora kuliko zote zilizotangulia.