Kishikwambi kikizunguka, kinampima nani?

Programu ya onecourse, iliyogawana na Kitkit School tuzo ya XPRIZE ya dola milioni 10 mwaka 2019, ni kazi nzuri. Kwenye majaribio vijijini Tanga, kila mtoto alikuwa na kishikwambi chake, akajifunza kusoma Kiswahili kwa kasi yake, bila mwalimu. Safi sana.

Ila tukiileta huku Songea, tujiulize. Kishikwambi kimoja kikizunguka kwa watoto watano, kinapima kasi ya nani? Na mtoto anayeongea Kingoni nyumbani akikosea, programu itajuaje kama kilichomkwamisha ni herufi au ni neno lenyewe? Mwalimu anayekijua Kingoni atang'amua mara moja. Basi kifaa kije, lakini kimsaidie yeye, kisimrithi.