Mstari mnyoofu si kiwanja cha ndege

Anayesaka viwanja vya ndege vilivyoachwa kwenye picha za anga hukimbilia mistari iliyonyooka. Kwamkoro, jirani na Amani katika Usambara Mashariki, akifanya hivyo atapotea mapema. Chai na msitu vimepakana, na ukitazama kutoka juu mpaka wao umekatwa kama kwa wembe. Kwenye picha nyeusi na nyeupe, kipande cha chai kilichobanwa na miti huweza kudhaniwa uwanja uliosafishwa.

Basi anza na vipimo. Kamera yenye lenzi ya milimita 152, ikiwa mita 6,080 juu ya tambarare, hutoa picha ya kipimo cha 1:40,000. Hapo njia ya kurukia ya mita 1,000 huonekana kama milimita 25. Lakini tambarare iliyo chini ya milima ina mwinuko wa kama mita 200 kutoka usawa wa bahari, na Kwamkoro kama mita 950. Ndege ikipita bila kubadili kimo, kipimo juu ya mlima kinakuwa karibu 1:35,000, na njia ileile ingefika milimita 28.5. Anayetumia kipimo kimoja kwa picha nzima hupata urefu wa uongo.

Kisha tazama mwinuko. Picha mbili zinazofuatana hupishana kwa takriban asilimia 60. Ukiziweka chini ya stirioskopu, kifaa cha kutazama picha mbili kwa pamoja, milima inainuka. Hapo dhana nyingi hufa, kwa kuwa “njia ya kurukia” inaonekana ikipanda kilima na kushukia upande wa pili. Ndege ndogo huvumilia mteremko kiasi, si kigongo katikati ya njia.

Huko chini, kuelekea Muheza na Korogwe, kinachodanganya ni mkonge. Barabara za mashamba zimenyooka, ila hukutana na nyingine na kuendelea mbele. Njia ya kurukia ina upana uleule tangu mwanzo hadi mwisho, hukoma ghafla, na miti mirefu huondolewa mbele ya ncha zote mbili. Tafuta picha za kiangazi: nyasi zilizoota juu ya udongo ulioshindiliwa huwahi kukauka, na utepe hafifu hujitokeza.

Mwisho ni umri. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza (Royal Flying Corps) kilirusha ndege za BE2c kutoka Mbuyuni, upande wa Taveta. Ndege hizo zilitaka uwanda mpana ili ziruke zikikabili upepo, popote utokako. Kwa hiyo Mbuyuni haitafutwi kwa mstari. Hutafutwa kwa kufuata reli ya vita iliyotoka Voi na ardhi tambarare kando yake. Nachingwea, ambako kiwanja kilijengwa zama za mradi wa kilimo cha karanga ulioanza 1947, ndiko mstari unakostahili kutafutwa.

Kabla hujaandika “kiwanja cha ndege” kwenye ramani, jiulize ni ndege gani iliyotua hapo, na mwaka gani. Ukikosa jibu, uache mstari huo bila jina.